Sentimita Mbili

Boti ilikuwa imezama sentimita mbili kupita pale alipochora.

Sentimita mbili si kitu, ukitaka. Ni upana wa kidole gumba. Mwingine angekwenda zake kunywa chai. Lakini mchoraji wa vyombo vya majini alichuchumaa ukingoni mwa gati, akautazama ule mstari mweupe wa boti tupu aliokuwa ameuweka yeye mwenyewe, sasa uko chini ya maji, akachoka. Hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimeishia kwenye boti mbili zilizotangulia.

Ya kwanza aliichora ya abiria sitini. Mkaguzi akaipima, akaona imezama, akakata watu sita. Ya pili akakata wanane. Kivuko chepesi cha alumini, chenye matumbo mawili membamba, ndivyo kilivyo: kinakwenda mbio kwa mafuta kidogo, ila uzito hakiutaki hata kwa dawa. Kwa hiyo kwenye hii ya tatu mama huyu aliweka sheria. Mizani mlangoni mwa karakana, na daftari. Hakiingii kitu bila kupimwa: viti, nyaya, mbao za sakafu, hata ufagio. Ndipo mafundi wakambandika jina la Mama Mizani, na kila asubuhi wakawa wanamuuliza kama na wao wapande, au wavue viatu kwanza. Alivumilia. Alitaka jambo moja tu kabla hajastaafu mwezi ujao: boti moja, moja tu maishani, ielee pale alipoichora. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku tisa.

Alirudi ofisini, akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Hesabu zilikaa sawa. Siku ya pili akalipitia tena, safari hii kutoka nyuma kwenda mbele, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule. Sawa vilevile. Basi kosa ni lake, mchoro wenyewe. Miaka ishirini na tatu anachora, kumbe hajui kuhesabu. Alikaa akiutazama ukuta. Machozi yalikuwa karibu, lakini hata nayo yaliona uvivu kutoka.

Siku ya tatu akaamuru boti ipandishwe nchi kavu, akaizunguka. Ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyebisha. Bati la alumini likichomelewa hukunjamana kwa moto, na zile boti zake mbili zilikuwa na mawimbi ubavuni hata kabla ya kuyaona maji. Hii ilikuwa laini kama sinia jipya. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, bila kufikiri. Alumini ikigongwa hulia. Hii haikulia. Ilitoa sauti butu, ya kitu kinene. Akasogea, akagonga tena, na tena, mpaka akaumaliza ubavu mzima.

"Shemeji!" akaita.

Shemeji ndiye fundi mkuu wa kuchomelea, mume wa mdogo wake, mtu wa masihara asiyejua kunyamaza. Siku hiyo alikuja kimya.

"Hii nini?"

"Boti, shemeji."

"Nimekuuliza, hii nini?"

Akatazama viatu vyake. "Puti."

"Puti? Hii wanayopiga kwenye magari yaliyogongwa?"

"Hiyohiyo. Makopo thelathini na mawili. Tulipiga Jumamosi, wewe ukiwa nyumbani. Tuliyapitishia dirishani."

Kopo moja kilo kumi na tano. Ukitoa vumbi la msasa, zinabaki kama mia nne na hamsini. Alishamaliza hesabu kabla shemeji hajafumba mdomo: sentimita mbili, watu sita.

"Kwa nini mmenifanyia hivi?"

"Siku tulipoishusha ile ya pili, wale jamaa wa gatini walicheka. Wakasema boti ina makunyanzi kama bibi kizee. Na wewe ukacheka nao. Halafu mke wangu akaniambia ulikwenda kwetu ukalia mpaka ukalala kwenye kochi." Akajifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Makunyanzi yale ni mkono wangu, shemeji, si wako. Nilichoma bati harakaharaka. Ukachekwa wewe kwa kazi yangu. Nikasema ya mwisho haichekwi."

"Na uzito?"

"Sikuuwaza. Ni puti tu! Inapakwa kama siagi."

Alitamani kumfokea. Badala yake akakaa palepale sakafuni, naye shemeji akakaa kando yake. Alimpenda mjinga yule, na alikuwa hoi, yote mawili kwa pamoja.

"Itolewe," akasema.

"Itakuwa mbaya, shemeji."

"Itakuwa ilivyo. Wale watu sita wanaoachwa gatini asubuhi, kazini wanangojewa, hawana habari na ubavu wa boti."

Walikwangua siku tano. Shemeji hakumwachia mtu upande wa mbele. Aliukwangua mwenyewe, macho mekundu kwa vumbi. Makunyanzi yakarudi moja baada ya jingine.

Siku ya mkaguzi ilipofika, boti iliteremshwa tena. Mkaguzi akaipima tupu, akaipima na mifuko ya mchanga sitini vitini. Mara zote mbili maji yaligusa mstari wake, wa boti tupu na wa boti iliyojaa, yakaishia hapo.

"Sitini," akasema, akatia saini.

Mchoraji alidhani siku hiyo atapiga vigelegele. Alisikia usingizi tu, na furaha ndogo, imekaa kifuani haina haraka.

Shemeji akamsogelea, sauti chini. "Nisamehe. Sikuitoa yote. Pale puani, watu wanapopenda kupigia picha, nilibakiza kidogo. Kilo tatu hivi."

"Najua. Niliigonga jana, nikaikadiria."

Akafungua daftari, ukurasa wa mwisho, akampa. Chini kabisa, kwa mwandiko wake uleule wa viti na nyaya, palikuwa pameandikwa: *Puti ya shemeji, kilo tatu.*

Shemeji alisoma, akasoma tena. Mama Mizani akamshika bega na kumwomba amsindikize nyumbani, akalale.