Mkazo Kwenye Silabi ya Tatu

...tra-ba-já-ba-mos, silabi tano, mkazo kwenye ya tatu, ya tatu we mbumbumbu, si ya nne, Kihispania cha 'tulikuwa tukifanya kazi', akina nani hao, si yeye, yeye na digrii yake wanakula vumbi tu, na mguu wa kulia unakanyaga sakafu ya korido ya usaili kama vile pana cherehani chini yake, maana hivyo ndivyo alivyojifunza, kwa shangazi fundi, miezi saba anapiga pedali huku anatafuna vitenzi, kila mkazo mkanyago mmoja, na shangazi asiyejua Kihispania hata cha kuombea maji anasema bila kuinua macho kwenye pindo, "Hapo umechelewa kukanyaga, mwanangu," na kweli kachelewa, ulimi uliolelewa kwa Kiswahili huubwaga uzito palepale pa siku zote, silabi moja kabla ya mwisho, utake usitake... "Dada, unatikisa benchi zima, una homa?" huyo mwenzake wa kulia, karatasi yake ya vitenzi imelowa jasho, "Homa ya digrii," kamjibu, akome, nafasi yenyewe moja, kupokea simu za wateja wa Kihispania, na mtihani ni kusoma kwa sauti, na yeye bila mguu hasomi, msomi mzima kupiga pedali hewani mbele ya mkufunzi, yule aliyepita asubuhi na kitambulisho shingoni, qué vergüenza, aibu ya mwaka, barua themanini za maombi, "tutakujulisha," wamjulishe nani, marehemu?... na ndani, nyuma ya mlango, aliyetangulia anasoma, "trabaja-BA-mos," haya, katumbukia shimo lilelile, kwisha habari yake... lakini mkufunzi anacheka, kicheko cha mtu aliyepitia, "Sote tunatumbukia hapo, kaka, mimi mpaka leo nagonga meza, hebu gonga nami," ko ko KO ko ko, kalamu juu ya mbao, tena, tena, hadi jamaa anaipata... anagonga! Mwenye kazi, mwenye kitambulisho shingoni, anagonga meza kama mpiga ngoma, Mungu wangu, kumbe hakuna kichaa hapa, ay, pumzi iliyokwama tangu alfajiri ikamtoka yote, mabega yakashuka, mlango bado umefungwa, hakuna aliyeitwa, nafasi bado ni moja, na yeye huyo, mwenye ulimi wa pilipili, anamgeukia mpinzani wake wa kulia na kumnong'oneza, "Kitenzi kipi kinakushinda hapo, mwenzangu? Lete tukisome."