Mwalimu Hapiti Fishi Yake

Saa kumi za alasiri Emerance hukaanga mandazi mbele ya nyumba ya dada yake, katika komini ya Shari mjini, na kuyafunga kwa karatasi za madaftari ya zamani. Furushi la wiki ile aliletewa na mjane wa mwalimu Zacharie, aliyeuawa mwaka jana kwenye barabara ya Djugu. Zilikuwa fishi za masomo. Mwalimu huandika fishi kabla ya kuingia darasani, direkteri, mkuu wa shule, akaitia sahihi. Asiye nayo, enspekteri anayekuja kukagua humfokea mbele ya watoto.

Andazi la kwanza lilipogusa karatasi, Zacharie alisimama kando ya karai, chaki mkononi, akafundisha kilichoandikwa, kisha akaenda zake. Wateja walimsogezea kipande cha ubao aandikie. Mmoja tu ndiye aliyenung'unika kwamba foleni haisongi.

Emerance aliacha shule darasa la tatu, walipokimbia vita mara ya kwanza. Alisikiliza somo la mizizi, la sehemu za hesabu, la mito, na mandazi yakaungua, wala hakujali. Jumatatu ikaja fishi ya somo la mwezi, imepasuliwa katikati.

"Mwezi hauanguki kwa sababu..." alisema Zacharie, akakomea hapo.

"Sababu gani, mwalimu?"

"Mama, fishi yangu imeishia hapa. Mwalimu hapiti fishi yake."

"Lakini weye unajua?"

"Najua."

Jamani, iliuma! Nusu ya pili alikuwa amepewa Fabien, dereva wa pikipiki, bila andazi. Fabien alijipangusia mikono, akaitupa mutaroni, maji yakaichukua.

Basi Emerance alivaa kitenge kizuri, akaenda shuleni alikofundisha Zacharie kuomba fishi mpya ya mwezi.

"Zacharie ameisha kufa," direkteri alimwambia kwa upole. "Jina yake iliondoka kwa liste ya walimu. Nitatiaje sinyature kwa fishi ya mufu?"

"Basi weye uniambie, Direkteri."

"Siye tunafundisha wenye wameandikwa. Bulletin yako ya alama za shule iko wapi?"

"Iliungua na nyumba."

"Na hiyo mwezi itakusaidia nini? Unatafuta kazi?"

"Hapana. Nataka tu kujua."

Direkteri, mtu mwenye adabu, alifungua droo akatafuta fomu ya watu wanaotaka tu kujua. Haikuwepo. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Emerance hakuiuza ile nusu. Kila alasiri aliifungia andazi, Zacharie akaja, akafundisha mpaka palepale, akainamisha macho. Emerance alimbembeleza, akamgombeza, siku moja akalia kabisa. Zacharie naye aliinua chaki, akaishusha; enspekteri alikuwa amemkalia kichwani miaka ishirini, na hata kufa hakukumwondolea hofu hiyo.

Mafuta yakala maandishi. Ijumaa ilibaki tarehe peke yake.

"Hamujambo, wanafunzi," alisema Zacharie.

Emerance alisimama kama darasani. "Hatujambo, mwalimu."

Hapakuwa na zaidi. Alimpa kigoda, wakakaa. Saa kumi na moja mwezi ulikuwa umeshatoka, mweupe, juu ya mabati ya jirani. Waliutazama wote wawili, na mmoja wao alijua.