Koki Kuu ya Mzee Dobrivoje

Bomba la jikoni lilianza kudondosha maji mwezi wa tisa, na baba yangu akafurahi. Nasema alifurahi kwa sababu nilimwona kwa macho yangu. Alisimama mbele ya sinki mikono nyuma, akasikiliza tone la kwanza, la pili, la tatu, halafu akapaza sauti hadi jirani akafungua dirisha. "Mkwe! Njoo umpokee mgeni wako!"

Mkwe ni Siniša, mume wangu. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa, na yote tumeishi kwa baba, maana mimi ni mtoto wa pekee na nyumba ni kubwa. Huku kwetu kando ya mto Morava, mwanaume anayehamia kwa mkewe ana jina lake, na si jina la heshima hata kidogo. Wanasema kaolewa. Baba alilirudia neno hilo asubuhi na jioni kama mtu anayemeza dawa.

Siniša ni mwalimu wa jiografia. Atakwambia mto fulani unaanzia wapi na unamwaga wapi, lakini maji yakishaingia ndani ya nyumba elimu yake imekwisha. Hilo ni kweli na simtetei. Mwaka wa kwanza alitoboa ukuta ili atundike picha yetu ya harusi, akakata waya wa umeme. Mwaka wa tatu alipaka rangi mlango wa choo ukiwa umefungwa, ukagandamana na fremu, na mimi nilikuwa ndani. Baba hakusahau hata moja. Kila mgeni alihadithiwa tangu mwanzo mpaka mwisho, Siniša akiwa palepale anamimina kahawa, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka na wageni.

"Baba, nitamwita fundi," Siniša akasema siku ile, akiliangalia bomba kwa woga.

"Fundi? Ndani ya nyumba ya Dobrivoje aje fundi? Watu wa mtaa huu wakimwona fundi anaingia kwangu si watadhani nimekufa?" Akavuta kiti, akakaa. "Sasa sikiliza, bwana uliyeolewa. Nina miaka sabini na sita. Siku ya Mtakatifu Nikola nataka kuukabidhi mkate."

Nilikuwa namenya viazi. Kisu kilisimama.

Mtakatifu Nikola ndiye mlinzi wa ukoo wetu, na siku yake, tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi na mbili, ndiyo slava yetu, sikukuu ya ukoo. Wageni hawaalikwi, wanakuja wenyewe. Padri anafika, yeye na mwenye nyumba wanaushika mkate pamoja, wanauzungusha, wanaumwagia divai na kuumega. Anayeushika ndiye mwenye nyumba, na baada ya siku hiyo hakuna wa kumbishia.

"Ukitengeneza bomba hili kwa mkono wako, bila fundi," baba akasema, "nakupa mkate, na nyumba juu yake. Likidondosha tone moja siku hiyo, nampa Vlasta."

Vlasta ni mtoto wa marehemu baba mdogo. Ana duka la vigae mjini Novi Sad, na kila akija anapima vyumba vyetu kwa hatua, akidhani hatumwoni.

"Na sisi, baba?" nikauliza.

"Ninyi mtapanga chumba. Mwalimu si ana mshahara?"

Siniša akatoka nje akasimama uani bila koti. Miaka arobaini na minne, na hana mahali pengine pa kwenda. Nilimwonea huruma, lakini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko huruma.

Ngoja sasa nikwambie jambo ambalo marehemu mama aliniapisha nisilitamke. Mtaani kwetu baba anajulikana kama Dobrivoje Fundi, na Dobrivoje Fundi hajawahi kufunga hata skrubu moja maishani mwake. Alikuwa karani, akigonga mihuri. Aliyefanya kazi kiwandani, akiunganisha pampu, ni mama, Stojanka. Hita ya maji, mabomba, paa, bawaba za milango, vyote vilitengenezwa na mama, madirisha yakiwa yamefungwa na mapazia yameshushwa. Akimaliza ananawa haraka na kuvaa aproni. Hapo baba anachovya vidole kwenye grisi, anachukua spana, anatoka taratibu hadi kwenye uzio na kuwasha sigara. "Nimehangaika nalo," anawaambia majirani, "lakini limenyooka." Majirani walipomwomba akawasaidie, mgongo ulianza kumuuma papo hapo.

Nilipomuuliza mama kwa nini, alisema baba akidharauliwa nje atakuja kulipiza ndani. Basi alimtengenezea na heshima pia, pamoja na vile vingine. Akafa, miaka mitatu sasa, na tangu siku hiyo nyumba inaachia kitasa kimoja kimoja, na baba anamtukana Siniša kwa kila kinachoanguka. Nilinyamaza kwa sababu ya kile kiapo. Tena, nisidanganye, nilinyamaza pia kwa sababu nilitaka walau mwanaume mmoja wa nyumba hii ahangaike.

Na Siniša alihangaika! Aliangalia video mpaka macho yakawa mekundu. Alirudi dukani mara tano kubadilisha washa, ile pete ya mpira ya ndani ya bomba, kila mara akileta isiyoingia. Wanafunzi wake walimkuta kwenye foleni na spana chini ya kwapa, wakampigia makofi. Koki ndogo chini ya sinki ilikuwa imeganda kwa kutu, akaogopa kuigusa, kwa hiyo hakuweza kulifungua bomba lenyewe. Akalikaza kwa nje, akalizungushia tepu nyeupe, juu yake kamba, juu ya kamba mpira wa mfuniko wa chupa ya jamu. Bomba likafanana na mtu aliyevunjika mguu. Lakini likakauka! Zikiwa zimebaki siku mbili, likakauka kabisa.

Nilimkuta amekaa mbele ya sinki anaangalia, machozi yanamtoka.

"Radmila," akaniambia, "hata tone."

Nilimbusu kichwani. Ilikuwa miaka sijambusu hivyo.

Siku ya Nikola watu walijaa kuanzia saa tano. Ilikuwa mfungo, kwa hiyo samaki na maharage ya kuokwa, na rakija, pombe yetu kali ya matunda, ya kutosha kuwasahaulisha nyama. Mkate ulikuwa mezani, pembeni yake bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari. Baba alisimama mlangoni, shati jeupe, maana mwenye nyumba siku hiyo hakai. Vlasta alikuja na viatu vipya na mkewe, ambaye alianza kuuliza habari za mapazia kabla hajavua kofia.

Padri alikuwa bado kwa majirani, anakuja. Baba hakuweza kusubiri.

"Jamani, njooni jikoni!" akapaza sauti. "Njooni muone maajabu, mkwe wangu katengeneza bomba! Leteni simu mpige picha!"

Watu wakasongamana mlangoni na glasi zao. Kicheko kilikuwa kimeshaanza. Baba akapitisha kidole chini ya mdomo wa bomba, akakiangalia. Kikavu. Akapitisha tena.

"Baba mkubwa, limekauka kweli," akasema Vlasta, na huzuni yake ilisikika.

"Limekauka kwa bandeji! Ngoja tuone kazi iliyo ndani." Akakishika kishikio.

"Baba, polepole, tafadhali," akasema Siniša.

"Polepole? Unanifundisha mimi? Mimi nilikuwa nashika mabomba wewe ukiwa kwenye nepi!"

Akakizungusha kushoto kwa nguvu zake zote, akakirudisha kulia, akakivuta. Shingo ya bomba ikakatika, kishikio kikabaki mkononi mwake, na maji yakapiga dari.

Basi ikawa vurumai. Wanawake wanapiga kelele, glasi zinaanguka, samaki wanaelea kwenye sinia lao kana kwamba wamerudi nyumbani. Maji yakavuka kizingiti hadi sebuleni na mengine yakaruka juu ya meza, ngano ikafurika nje ya bakuli, mkate ukalowa. Siniša alikuwa anayazuia kwa taulo na kifua chake, amefumba macho.

"Dobrivoje! Funga koki kuu!" akapiga kelele Miodrag, jirani yetu. "Koki kuu, bwana!"

Baba akakimbilia chini kwenye stoo. Akapanda tena. Akapita katikati ya watu akaelekea darini.

"Anafuata nini darini?" mtu akauliza. "Maji yanatoka mbinguni?"

Baba akashuka. Shati limemganda mwilini, nywele chache alizonazo zimelala usoni. Akanijia pale nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono, akaongea chinichini.

"Radmila, mwanangu. Mama yako alikuwa anaifungia wapi?"

Nilijua. Koki kuu iko uani, shimoni, kwenye mita, chini ya mfuniko wa chuma. Kila vuli mama aliifunika kwa sweta kuukuu isigande kwa baridi. Na mwezi wa kumi baba aliamuru kuni zote za mwaka zipangwe juu ya mfuniko ule ule, mimi nikiwa barazani nachoma pilipili hoho, naangalia. Sikusema neno siku ile.

"Alikuwa anafungia wapi nini, baba?" nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Si wewe fundi?"

"Nakuomba."

"Sema kwa nguvu. Maji yanapiga kelele, sisikii."

Watu wakageuka. Baba akauachia mkono wangu.

"Sijui koki iko wapi," akasema.

"Nani alikuwa anajua?"

"Mama yako."

"Kwa nini yeye?"

Maji yalikuwa yamenifika vifundoni, na mimi sikuona baridi. Nilikuwa najisikia vizuri, nisikufiche. Miaka kumi na moja ya matusi, na miaka yote ile ya mama kujificha nyuma ya mapazia, ilikuwa inalipwa, na nilitaka ilipwe yote.

"Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza," akasema baba.

"Anatengeneza nini?"

"Vyote. Vyote, Radmila. Inatosha."

Hata Vlasta aliangalia pembeni. Kisha kule jikoni, amelowa chapachapa na taulo kifuani, Siniša akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika sinki, na Miodrag akafuata, na wakafuata wote.

Nikawaonyesha zilipo kuni. Wanaume walizihamisha wakiwa na makoti yao ya sikukuu, wakilaani, na ilichukua nusu saa. Nikashuka shimoni na viatu vyangu vya slava, nikaifunga koki kwa mikono miwili. Si kazi ngumu. Unazungusha kulia mpaka inagoma.

Padri akaingia ameshika joho lake juu ya magoti. Akatazama dari, akatazama meza, akajifanya hajaona. "Haya," akasema, "mwenye nyumba ni nani, tuanze?"

Baba akanyoosha mikono kuuchukua mkate. Siniša akauchukua kabla yake.

"Ni mimi, padri."

Baba akamtafuta Vlasta kwa macho. Vlasta alikuwa amekaa kwenye ngazi anakamua soksi. Akanitafuta mimi, nikajishughulisha na sahani. Padri na mume wangu wakauzungusha mkate ule uliolowa, ukiwakatikia mikononi, wakaimba, wakaumwagia divai. Nikaona mume wangu amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, na moyo wangu ukajaa fahari.

Padri alipokwisha kuaga, Siniša akapangusa mikono.

"Dobrivoje," akaita. Siku zote alimwita Baba. "Dobrivoje, tambara liko nyuma ya mlango. Kausha sakafu, wageni wasiteleze."

Nilidhani baba atamtupia kitu. Akaenda nyuma ya mlango, akalitoa tambara, akapiga magoti sebuleni katikati ya watu wenye sahani mikononi. Akalitandaza juu ya maji. Akaliinua, maji yakamchuruzikia mikononi hadi kwenye viwiko. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, asijue alifanyie nini.

"Hee! Hajui hata kukamua!" akasema mke wa Vlasta.

"Mke wangu," Siniša akaniambia, sauti ya kupendeza, sauti mpya, "hebu mwonyeshe."

Baba akaniinulia uso. Nilikuwa na samaki mdomoni. Ingenichukua dakika moja.

"Niache nile," nikasema. "Atajifunza."

Nikaona macho yake yanashuka, na hata wakati huo sikuinuka. Akaliweka tambara chini tena. Akaendelea hivyo, akiyatoa maji mahali pamoja na kuyapeleka pengine, yale yale, na wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakinyanyua miguu kumruka, wakimpa Siniša mkono na kumtakia slava njema.