Kadi Iliyonyimwa Usingizi

Sarmad alikuwa na ugonjwa ambao dawa yake haiuzwi duka lolote: hakuweza kukiacha kitu kizima kiendelee kuwa kizima. Redio ya mama yake ilikuwa inakamata vizuri, akaifungua ili ikamate vizuri zaidi, na tangu siku hiyo imekuwa pambo la rafuni. Jokofu lilikuwa linagandisha, akalisogeza lipate hewa, mlango ukagoma kufunga. Mtaani kwao Mosul, upande wa kushoto wa mto, watu walimwita Fundi. Ilimchukua miaka kugundua kwamba wanacheka.

Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba kwa kompyuta. Wateja walikuwa Erbil na Dubai, na malipo yalikuja. Ila kazi yenyewe aliifanyia sebuleni kwao, amevaa suruali ya kulalia, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu baba yake Rafal, msichana aliyempenda, alikuwa Mhandisi Thamir. Mhandisi Thamir alitumikia shirika la umeme miaka thelathini. Kwake yeye, kazi ni kitu chenye geti na mlinzi.

"Mtu anashinda na kisanduku mapajani, halafu anataka nimpe binti yangu," alimwambia mkewe, huku Rafal akisikia jikoni. "Siku kisanduku kikizimika, watakula nini?"

Rafal aliyafikisha maneno hayo kama yalivyo. Sarmad akavimba.

"Mwambie kisanduku changu hakizimiki."

Walipendana tangu chuo, mwaka wa nne sasa. Sarmad hakuwa na hofu ya kitu kingine duniani isipokuwa mzee yule kusema hapana, kwa maana Rafal alikwisha kumwambia wazi kwamba hatamvunja baba yake moyo.

Mambo yalipokaribia kuiva, Mhandisi Thamir akapasuliwa mgongo huko Amman, na daktari akamkataza safari kwa miezi miwili. Mzee hakutaka kuwakalisha watu roho juu. Akasema wazee wa posa waje tu nyumbani kwake, mdogo wake Abu Luay awapokee, na yeye neno lake atalisema mwenyewe kwa simu.

Kwa simu! Jambo lilikuwa limekwisha kupangika, jepesi kabisa. Lakini tumekwisha kumjua Sarmad.

"Ami, wanaume thelathini wataichungulia simu moja kama wanasoma karatasi ya dawa?" alimwambia Abu Luay. "Niachie mimi. Nitaleta kompyuta yangu, kioo kipana, kila mtu amwone mzee na mzee amwone kila mtu."

Kilichokuwa moyoni hakukisema. Alitaka mzee akione kile kisanduku alichokidharau, akione kikifanya kazi.

Posa ilipangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Saa hizo umeme wa serikali hauna habari na mtu, na jenereta ya mtaa hupumzishwa kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kila mtoto wa Mosul anaijua ratiba hiyo kuliko majina ya shangazi zake. Abu Luay, mtu mwema, mwenye maneno mengi na hadithi zisizokwisha, akajitolea kuleta betri ya gari lake na kibadilisha umeme.

"Usijisumbue, ami. Mashine hii inakaa saa saba."

Na hakudanganya. Ilikuwa inakaa saa saba, hadi Jumatano.

Kompyuta ile ilikuwa na kadi mbili za picha. Moja ndogo, isiyo na makuu, inayoonyesha barua na video. Nyingine kubwa, yenye nguvu ya kuchora ghorofa, lakini mlafi. Kazi ikiisha, ile kubwa hulala na betri ikapona. Inayoamua nani alale na nani aamke ni programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Basi Jumatano Sarmad aliona kwamba kadi kubwa ikiingia usingizini, picha hupepesa mara moja. Kupepesa kwenyewe hakufiki nusu ya nusu ya sekunde. Mama yake aliitwa aangalie, akaangalia mara tano, hakuona kitu.

Sarmad aliona. Akilini alimwona Mhandisi Thamir akiutazama uso wake unavyopepesa na kusema, huyu kijana ana jambo analificha. Akaweka draiva mpya. Kupepesa kukabaki. Akaandika amri moja, mstari mmoja tu: kadi kubwa isilale kabisa. Picha ikatulia kama maji ya mtungini. Akajipiga picha, akajipenda.

"Umeijaribu bila umeme?" Rafal alimuuliza kwenye simu.

"Rafal, mimi ndiye Fundi."

"Ndiyo maana nauliza."

Hakuijaribu. Ilikuwa imechomekwa ukutani muda wote, inakunywa itakavyo.

Ijumaa ikafika. Wanaume thelathini wakapanga migongo ukutani mwa ukumbi wa Mhandisi Thamir, suti na kanzu zimepigwa pasi, na mbele yao Hajji Dhanun, babu mdogo wa Sarmad, msemaji wa ukoo. Kahawa ikamiminwa kwenye vikombe vidogo, ikawekwa mbele ya kila mtu, na hakuna aliyegusa chake. Kahawa ya posa hainywewi mpaka mwenye binti akubali. Akikataa, inaachwa hapo hapo na watu wanaondoka, na mji mzima unajua.

Kwenye kioo kipana akatokea Mhandisi Thamir, amelalia mito mitatu, masharubu yamechanwa. Watu wakasalimiana, wakaulizana hali za migongo. Sarmad alitupa jicho pembeni ya kioo. Betri asilimia sabini na mbili.

Aliiacha mia nyumbani. Akadhani haoni vizuri.

Hajji Dhanun akakohoa na kuanza. Alianza na Nabii Adamu. Alipofika kwenye babu wa babu yao aliyeuza ngozi, feni ya kompyuta ilikuwa imeanza kuvuma.

"Kuna helikopta?" Abu Luay akanong'ona.

"Ni joto tu, ami."

Asilimia arobaini na nne. Sarmad alijua sasa. Alijua kadi kubwa iko macho, imekodoa, inajiandaa kuchora ghorofa wakati kinachotakiwa ni masharubu ya mzee mmoja. Akapunguza mwanga wa kioo.

"Mbona mnaingia giza?" sauti ikatoka Amman. "Huyo kijana kakaa wapi? Simuoni."

Akaurudisha mwanga. Akapeleka vidole kwenye vitufe ili aifute ile amri, mstari mmoja tu, na Hajji Dhanun akaupiga mkono wake bila hata kukatisha sentensi.

"Hata leo unachati?" akamfokea kwa pembeni ya mdomo, kisha akaendelea na tawi la pili la ukoo.

Asilimia kumi na tisa. Sarmad hakuwahi kuombea ukoo wake uwe mfupi, lakini siku hiyo aliomba, tena kwa jasho. Asilimia tisa Hajji alifika kwa marehemu Basim, baba yake Sarmad, na watu wakamwombea rehema. Asilimia nne akamtaja Rafal kwa heshima zote, akaomba, akanyamaza. Ukumbi mzima ukageukia kioo.

"Ukoo naujua, Hajji, na ni wa kuheshimiwa," Mhandisi Thamir akasema taratibu. Taratibu mno. "Mimi nina swali moja, na nataka alijibu mwenyewe. Sarmad, mwanangu."

"Naam, ami."

"Hiyo kazi yako. Siku mambo yakiwa magumu, inategemewa?"

Sarmad akanyoosha mgongo. "Ami, kwa hilo lala usingizi. Kazi yangu haiwezi hata siku moja ku—"

Kioo kikazimika.

Feni nayo ikanyamaza. Ndani ya ule weusi Sarmad aliuona uso wake mwenyewe, mdomo wazi, umetulia kabisa. Haukupepesa hata kidogo.

Vikombe thelathini vilikuwa mbele ya watu thelathini, na kahawa ilikwisha kupoa. Mara simu ya Abu Luay ikalia. Akaipokea na kuiweka kwenye spika, akaishika juu kama mtu anayeuza mnadani.

"Nani kazima? Jenereta?" sauti ya mzee ikauliza.

Hajji Dhanun akamwinamia Sarmad. "Sema ni mtandao. Mtandao hauendi kortini."

Maneno yalimfika mdomoni. Mtandao, ami. Nani angebisha? Lakini alimfikiria Rafal nyuma ya mlango wa jikoni, ambaye alimuuliza swali moja tu la maana na akajibiwa kwa majivuno, na aibu ikaishinda hofu.

"Si mtandao, ami, wala jenereta," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza yote: kadi mbili, kupepesa, amri ya mstari mmoja, kutoijaribu bila umeme. Kila alivyozidi kueleza alizidi kujisikia mjinga, na mjomba wake mmoja alikuwa amefunika uso kwa mkono wenye tasbihi.

"Ngoja nielewe," simu ikasema. "Uliacha mtambo mkubwa ukiwaka bure ili sura yako ionekane nzuri?"

"Ndiyo, ami."

"Saa saba ukazifanya dakika arobaini."

"Arobaini na moja," Sarmad akasema, kisha akatamani kuumeza ulimi.

Hajji Dhanun alikwisha kushika fimbo yake ainuke. Hapo ndipo Abu Luay alipoanza kucheka, tumbo likitikisika, simu ikitikisika naye.

"Wallahi, kaka, yamekurudia! Wewe siku ulipokwenda kumposa mama Rafal, si ulipeleka laini nzima ya umeme mtaani kwao—"

"Abu Luay!"

"—ili taa za barabara ziwake, watu waione suti yako—"

"Abu Luay, nimesema!"

"—na ile transfoma, jamani, ile transfoma—"

"Kunyweni kahawa!" simu ikapiga kelele. "Kunyweni, jamani, nimekubali! Isomwe Fatiha! Kunyweni kabla huyu hajamaliza!"

Mikono thelathini ikaenda kwenye vikombe kwa pamoja. Fatiha ikasomwa, na vigelegele vikapasuka jikoni kabla watu hawajamaliza kupangusa nyuso. Sarmad alikuwa ameshika kikombe chake na hawezi kunywa, machozi yanamtoka kama mtoto, na hakujali nani anaona.

"Abu Luay," simu ikasema, sasa kwa sauti ya chini. "Zima spika. Mpe huyo kijana."

Sarmad akaiweka sikioni.

"Naam, ami."

Upande wa pili mito ilisikika ikisogezwa.

"Ile transfoma," Mhandisi Thamir akasema. "Ilikaa dakika tisa, ikaungua. Kunywa kahawa yako."