Reli ya Ngazi Iliyolala na Windows

Kompyuta inaiona diski yangu ya zamani, inaonyesha hadi ukubwa wake, lakini nikiifungua inakataa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Humo ndani umo mchoro wa reli ya kushikilia kwenye ngazi ya mama mkwe. Ngazi yake inapinda mara mbili, na yeye ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kesho anarudi nyumbani. Mabomba nimeshayakata, zimebaki pembe za kukunja, na pembe zote zimo kwenye mchoro.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniwekea juzi diski mpya yenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, alipochoka kunisikia nikilalamika kwamba Windows inajikokota. "Faili zako sijazigusa, shemeji," alisema. Kweli hakuzigusa. Sasa hata mimi siwezi kuzigusa.

Nikamwita karakana. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaandika amri zake. Diski ikakataa.

"Windows uliizimaje mara ya mwisho?"

"Nilifunga kifuniko cha laptopu."

"Yaani hukuizima?"

"Siku zote nafunga kifuniko. Nikirudi naikuta kazi yangu palepale nilipoiacha."

"Basi imelala na kazi yako mkononi. Linux haitaki kumpokonya aliyelala."

"Si uiamshe."

Akaiwasha Windows. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikachemsha chai, nikainywa yote, kiduara bado kinazunguka. Kisha skrini ikawa nyeusi, ikabaki hivyo.

"Imebaki njia moja," shemeji akasema. "Nifute huo usingizi kwa nguvu. Faili zitafunguka. Ila kilichokuwa wazi bila kuhifadhiwa, ndio basi tena."

"Kilichokuwa wazi ni ngazi ya mama yako."

Akaacha kuandika. "Hukuhifadhi?"

"Na wewe ulipoichukua, uliniuliza?"

"Laptopu ya mtu mzima, shemeji. Nilijua inazimwa."

Nikamwambia afute.

Zikafunguka zote: picha za mageti, mahesabu ya mwaka juzi, harusi yetu. Hata faili ya ngazi ilikuwepo. Nikashusha pumzi, nikaifungua. Ilikuwa na mstari mmoja tu, wa ukuta. Kilichobaki nilikichora baada ya hapo, na sikuwahi kukihifadhi.

Hasara yenyewe ni hii. Mchoro umekwenda. Jumapili yangu yote imekwenda kwenye kupima upya, na vipimo vipya vimekataa mabomba mawili, yako kwenye chakavu. Leo mama mkwe amerudi, tumempandisha kwa kiti, mwanawe upande huu na mimi upande ule, naye amejifunika mtandio usoni kwa aibu ya kubebwa na mkwewe. Tulipomfikisha juu akasema taratibu, "Si ulisema reli itakuwa tayari, baba?"

Reli itachukua wiki. Mpaka hapo hashuki.