Mboga ya Kiangazi

Uvumi ule ulimganda Waridi kama kishonanguo kwenye upindo wa kitenge: akiukung'uta hapa, anaukuta pale. Ulimpata sokoni Kasongo, asubuhi ya vumbi, katika majira ambayo mvua imewapa watu kisogo na hata sombe, majani ya muhogo, inakuwa ngumu mdomoni. Kijana mmoja wa pikipiki, aliyetoka machimbo ya dhahabu ya Lusangi na tope jekundu limemkaukia magotini, aliinama juu ya mafungu yake ya mchicha wa lengalenga, akayanusa, akacheka.

"Mama Djamali, hii siyo yenyewe! Kule machimboni wanasema mboga yako ya kiangazi iko na nguvu. Mutu akiipata, anachimba mpaka sururu inaomba kupumzika."

Masikini Waridi, akafurahi. Tangu mumewe Kassimu azikwe, hakuna aliyemsifu kwa jambo lolote isipokuwa subira, na subira ni sifa wanayopewa watu ambao hakuna anayetaka kuwasaidia.

"Naimwagilia kwa mukono wangu mwenyewe," alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza chumvi. "Waambie waje nyumbani. Mimi siwezi kumunyima mutu mboga."

Kijana akashika tumbo kwa kicheko, akawasha pikipiki yake, akaenda. Kwenye meza ya jirani, Cadette, mwanamke wa kutoka Kivu aliyekuwa akikaanga mandazi, hakucheka. Aliyageuza mandazi yake kama mtu anayegeuza neno asilotaka kulitoa.

Wiki ile yote Waridi aliitangaza mboga yake. Aliitaja kisimani, aliitaja msibani, alimwambia hata mke wa imamu: "Unasikia? Mboga yangu imefika Lusangi!" Kuna waliokohoa. Kuna waliotazama vidole vya miguu yao. Mke wa imamu alisema "Mungu atustiri", akaondoka bila kuaga, na Waridi akadhani ni wivu.

Lakini jambo lisilo na mzizi halikawii kuyumba. Alfajiri moja, akichota maji ya bustani, alisimama na ndoo mkononi. Lengalenga yake ilikwisha sokoni kabla ya adhuhuri. Iliyosalia ilinyauka kabla hata mwadhini hajakohoa. Nani basi aliyeipeleka Lusangi? Ilipandaje pikipiki, ikapita vumbi lote lile, ikafika na nguvu? Swali hilo lilimuuma kuliko maji ya baridi yaliyomwagikia miguuni.

Alipoyapanga tu mafungu yake sokoni, akaenda moja kwa moja kwa Cadette.

"Niambie. Na usinizungushe."

Cadette alifuta mikono yake ya unga. "Dada, kweli hujui? Ama unanichezea?"

"Sijui nini?"

"Mboga ya kiangazi ni bangi. Ndivyo wanavyoiita sasa. Vilima vimeungua, mabonde yako uchi, huko porini haifichiki tena. Basi mwaka huu inalimwa ndani ya nyumba, chini ya bati. Na weye kila siku unapiga kelele, mboga yangu, mboga yangu, njooni nyumbani! Watu wanasema mama yule hana haya hata ya kuazima."

Waridi alihisi kicheko cha yule kijana kikimrudia masikioni, safari hii kikiwa na meno. Aliyaacha mafungu yake mezani, mbuzi wakala walichokula.

Njiani, mambo aliyoyaona kwa macho na kuyapita kwa moyo yalianza kujipanga yenyewe. Mwanzoni mwa kiangazi, Djamali, mwanawe wa pekee, aliyemaliza shule na kukosa pa kuipeleka elimu yake, alimwomba ufunguo wa depo, ghala la mpunga la marehemu baba yake pale uani. Depo ilikuwa tupu tangu malori yaache kuja. Siku chache baadaye baba yake mdogo, Zuberi, mwenye duka la vitambaa na nafasi yake safu ya mbele msikitini, alileta sola, akaipandisha juu ya bati. "Mutoto achaji simu za watu," alisema. "Asikae bure." Waridi alimwombea dua. Na mlangoni Djamali alitundika samaki wakavu wa Nyangwe, wengi, wa harufu kali, akasema anafanya biashara. Ni samaki gani hao wasiouzwa, wasioliwa, wasiopungua? Mama mwenye pua nzima alipita mbele yao kila siku, akisema alhamdulillahi, mwanangu ni mtu wa kazi.

Alipofika aliwasogeza samaki kwa kiganja, akausukuma mlango kwa bega.

Joto lilimpokea kwanza, la unyevunyevu, kama pumzi ya mgonjwa. Kisha kijani. Huko nje Kasongo nzima ilikuwa na rangi ya majivu. Humu ndani, chini ya taa ya sola na kipande cha bati la plastiki kilichopitisha jua, palisitawi kijani ambacho hakuna mvua iliyokileta. Majani yalinyoosha vidole vyake membamba kama sombe changa. Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, aliyaona mazuri.

Kisha akaona yalipandwa ndani ya nini. Ni magunia ya Kassimu. Kila gunia lilikuwa na herufi ya jina lake, aliyoichora kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake, mtu ambaye hakupunja hata punje ya mpunga. Yamekatwa nusu, yamejazwa udongo, na herufi ile ilimtazama mjane wake kutoka kila upande.

Djamali aliamka kwenye mkeka kati ya magunia. Macho yake yalikuwa mekundu na mazito.

"Mama, siyo vile unavyofikiri."

"Mimi sifikiri. Mimi nanusa."

"Baba mudogo alisema ni kiangazi kimoja tu. Mvua ikirudi, tunaacha."

"Na polisi wakija kiangazi hikihiki?"

"Yeye anajuana nao."

"Yeye. Na weye nani anakujua?" Alimkaribia. "Unavuta?"

Kijana alitazama taa. "Lazima mutu alale humu, mama, kuangalia."

"Sikukuuliza unalala wapi."

Djamali alijipangusa macho, akageukia magunia. Hasira iliyompanda Waridi haikuwa ile ya kufokea watoto. Ilianzia nyayoni. Alimkasirikia mwanawe, ndiyo, lakini hasira ilimpita mwanawe kama mto unavyolipita jiwe, ikaenda kumtafuta aliyepanda mbegu. Wachimba dhahabu walitoka mbali, wana wa watu, wakafukiwa mashimoni, vichwa vimejaa moshi. Mwanawe alilala kati ya sumu kama mlinzi wa kaburi. Na Zuberi? Zuberi alilala kwake, kwenye chandarua cheupe, akaamka akatawadha.

Alimtuma mtoto wa jirani kumwita. Zuberi alikuja baada ya swala ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, tasbihi mkononi. Alimkuta shemeji yake ameketi uani juu ya kigoda, na mbele yake kinu kikubwa cha mvule alichoachiwa na mama yake, kinu kilichotwanga sombe ya harusi yake na ya matanga ya mumewe. Ndani ya kinu palikuwa na majani. Aliyatazama, akaelewa, akatabasamu tabasamu la dukani.

"Shemeji, tuingie ndani. Mambo ya nyumba hayasemwi uani."

Maneno hayo Waridi aliyanyonya pamoja na maziwa. Mama yake aliyasema, bibi yake aliyasema. Katika nyumba zao za zamani, aibu ilifunikwa kwa pazia, pazia likafunikwa kwa mlango. Mwili wake uliyatii kabla ya akili: magoti yalianza kunyooka ainuke, aingie, ashushe sauti. Kisha akaketi tena.

"Humo ndani ndimo ilimoota," alisema.

"Punguza sauti, Waridi. Ni dawa ya kuku tu."

"Kuku wangu ni wawili, na mumoja ni kipofu. Unataka aone malaika?"

Upande wa pili wa ua mtu alicheka. Ni Mounira, jirani, aliyekuwa akianika muhogo na masikio yake. Zuberi aligeuka, akakaza sauti kwa chini.

"Sikiliza vizuri. Ukipiga kelele, polisi watakuja. Wakija watauliza kitu kimoja: ufunguo iko kwa nani? Mimi niko na duka langu. Mule sijawahi kuingia. Ufunguo iko kwa mutoto wako."

Hakumwona Djamali amesimama kwenye mlango wa depo.

"Baba mudogo," kijana alisema, "na sola?"

Zuberi hakumtazama. "Sola gani?"

Neno dogo, la kumtoa mtu ukooni. Uso wa Djamali ulibadilika polepole, kama maji yanayoacha kuchemka. Kwa miezi yote ile alikuwa ameamini kwamba yeye ni mshirika. Sasa aliona kwamba hakuwa ila kufuli lililotundikwa mlangoni, la kuvunjwa siku wenye nguvu watakapotaka kuingia.

Waridi aliinuka, akashika mchi.

Alitwanga. Wanawake hawatwangi saa ile. Saa ile sombe huwa imekwisha kuiva. Mlio wa kinu ulipita juu ya uzio, ukaenda njia nzima, na wanawake wakaacha walichoshika. Kila pigo lilikuwa na neno lake, na Waridi hakulimeza hata moja.

"Hii ya magunia ya Kassimu! Hii ya dua nilizokuombea! Hii ya macho ya mutoto wangu! Na hii, Zuberi, hii ya safu ya mbele!"

"Umepata wazimu!"

"Nimeupata. Nimechelewa kuupata."

Mounira aliingia uani na chupa ya mawese, akijifanya hajui. "Mama Djamali, ni sombe ya nani hii, ya kutwangwa na matusi?"

"Ya shemeji yangu. Mupe mawese, ataila hapahapa."

Wanawake walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha, na Zuberi alikitambua. Alishika upindo wa kanzu yake ili usiguse majani, akatoka akipita katikati yao, na hakuna aliyempisha njia. Tangu siku hiyo anawaambia watu dukani kwamba mjane wa kaka yake amepagawa.

Djamali alirudi ndani ya depo. Waridi alidhani amekwenda kujifungia. Akatoka na gunia la kwanza, akalitua miguuni mwa mama yake, akang'oa mche kwa mzizi. Akarudi kuchukua la pili. Mmoja alileta, mwingine alitwanga, mpaka mikono ya mama ikawa kijani hadi viwikoni na mvule wa kinu ukanywa rangi ile ukashiba. Punje ndogo ngumu za mbegu ziliruka kila mchi ulipotua, zikatawanyika uani. Hasira haina ungo. Rojo lote walilimwaga chooni.

Herufi za Kassimu Waridi alizikata kutoka kwenye magunia, akazifua, akazikunja.

Watu husema yamekwisha. Waridi hasemi hivyo. Djamali sasa hubeba matofali, na siku nyingine huja nyumbani akicheka na watu, anakula, anaosha sahani yake. Siku nyingine harufu humtangulia mlangoni, naye hupita bila kumtazama mama yake. Waridi hunusa kila siku. Pua aliyoinyima kazi kiangazi kizima sasa haina likizo.

Na wanawake wenye wana humjia, wa msikitini na wa kanisani, hata mke wa imamu alikuja, wanataka wasimuliwe tangu mwanzo. Hana hadithi ya kuwapa. Huwapa mambo ya kuepuka tu, na huyasema kwa ukali, mkono kiunoni, kama anayegombana nao:

Usisifie mboga usiyoipanda.

Usimpe mtu ufunguo wa mlango ambao wewe huuingii.

Usipokee msaada wa mtu anayemsaidia mwanao ila hataki kuonekana naye.

Usipite mbele ya samaki wasiopungua.

Usiulize "unalala wapi" ukitaka kujua "unavuta nini". Uliza lenyewe. Kimya usikiite adabu.

Usikubali kuitwa ndani kuongea. Ongea palepale uliposimama.

Usipikie tena kwenye kinu kilichotwanga hasira, hata kama ni cha mama yako. Changu nimekilaza kifudifudi pale uani.

Na mvua ya kwanza ikinyesha, usipite karibu nacho bila kutazama chini.