Sahani ya Tarehe

Siku hiyo mjinga alikuwa Idarusi, na mwenyewe alilikubali hilo kabla hajaulizwa. Wajinga wengine walikuwapo mjini Tanga asubuhi ile, maana mji haukosi, lakini wenzake walikuwa bado wamelala. Yeye alikuwa ameamka, amekoga, amevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi hata ingeweza kusimama peke yake, na ameketi jikoni kwa shangazi yake, mtaa wa Ngamiani, akitetemeka kama mwenye homa.

Alikuwa akiogopa historia.

Cheka ukitaka. Karani mzima wa forodhani, mtu wa kuwatania makuli hata wakamtishia kumtosa majini, anaogopa wafalme waliokwisha kufa? Lakini wafalme hao walikuwa wamesimama mlangoni pa maisha yake. Chuo kikuu kule Uganda kilikuwa kimemkubali kwa sharti. Hesabu alikwisha pasi, Kiingereza alikwisha pasi, sayansi pia. Lililobaki lilikuwa somo moja la upande wa mambo ya watu, naye akachagua historia. Akifaulu, nafasi yake ipo. Akianguka, anapewa mwingine, na yeye atarudi forodhani kuhesabu magunia mpaka mgongo upinde. Mara ya pili hapakuwa. Aliambiwa hivyo, tena bila kuzungushwa.

Na kulipata somo lenyewe kulikuwa na mashaka yake. Masomo ya posta kutoka Ulaya yalikuwapo, ila bei yake ilikuwa ya wenye mashamba ya mkonge, si ya mtu anayeyapita mashamba hayo kwa baiskeli. Darasa la misheni lilikuwapo, nalo lilikuwa la mchana, saa za kazi. Alikuwa karibu kukata tamaa alipokutana na Bibiana.

Bibiana alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya Pongwe, binti wa Kinyamwezi ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya mkonge. Naye alikuwa akihangaikia chuo. Historia aliimaliza zamani. Kilichomkaba kooni kilikuwa hesabu.

"Mtani," alimwambia Idarusi siku ya kwanza, kwa ule utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, "wewe huna fedha nami sina. Nifundishe hesabu, nikufundishe historia. Tukianguka, tutakuwa tumeanguka bure."

Basi kila Jumamosi Idarusi alipanda baiskeli kwenda Pongwe. Walisomea barazani, na mama yake Bibiana, Mama Lea, alikaa kando akimenya muhogo mmoja kutwa nzima ili apate sababu ya kukaa. Mambo yalikwenda vizuri. Ukimuuliza Idarusi kwa nini Mreno alikuja pwani hii, atakueleza. Kwa nini alifukuzwa, atakueleza, na matusi juu yake. Lakini muulize ni mwaka gani, macho yanamtoka, jasho linamshuka, na mwaka wenyewe umekwisha kimbia.

"Tarehe ni misumari tu, mtani," Bibiana alimwambia. "Mimi nataka nguo unayoitundika."

"Utaniambia misumari, kumbe nitaulizwa misumari!"

"Nani kakwambia?"

"Tumbo langu."

Na tumbo lake ndilo alilolisikiliza. Siku zilivyokaribia, chakula kilimshinda. Shangazi yake, Bi Mwatumu, aliyemlea tangu alipoletwa mtoto kutoka Moa, alipoona wali unarudi jikoni kama ulivyokwenda, alijifunga buibui akaenda kwa Mwalimu Shekhe, mwalimu wa chuo cha Kurani pale mtaani. Mwalimu akamwandikia kombe: dua kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji na marashi, Idarusi akainywa baada ya alasiri. Moyo ukatulia. Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba.

Kombe halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuja asubuhi, na lilikuja na Idarusi mwenyewe.

Alipoamka siku ya mtihani, hofu ilikuwa imemtangulia kuamka. Alijaribu kuutaja mwaka wa Mreno, hakuupata. Akajaribu wa Mjerumani, akakuta umekwenda na wa Mreno. Ndipo macho yake yakaangukia ile sahani nyeupe, imeoshwa, imeegemezwa ukutani. Akawaza: kama dua niliyoinywa imekaa moyoni, tarehe nikizinywa zitakwenda wapi?

Zafarani ilikuwa imekwisha. Lakini mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu ya kopi, ile kalamu ya risasi ya maofisini ambayo ncha yake ikipata maji hugeuka wino wa zambarau usiofutika. Akailamba ncha, akaandika. Aliwaandika wote, Wareno na Waarabu na Wajerumani na Waingereza, kila mmoja na mwaka wake, akawazungusha mpaka ukingoni. Akamimina maji, akasugua kwa kidole. Maji yakawa rangi ya bilingani. Akafumba macho, akayanywa yote.

Bi Mwatumu akaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwa— Yarabi! Mdomo huo! Umekula nini?"

"Sikula, shangazi. Nimekunywa."

"Umekunywa nini?"

"Historia."

Bi Mwatumu aliitazama sahani, akamtazama mtoto wa ndugu yake, akairudia sahani. "Nani kakuandikia?"

"Mimi mwenyewe." Akainua ile kalamu.

"Idarusi! Mwalimu Shekhe alikuandikia dua, ukamwomba Mungu. Na hii je, umemwomba nani? Mjerumani?"

Idarusi alitaka kucheka, lakini kicheko kilikwama njiani, maana hapo ndipo alipomkumbuka Miraji. Miraji, karani mwenzake, alijichoma kiganja kwa ncha ya kalamu kama ile ile. Mkono ukavimba, na dresa wa hospitali akaikata nyama iliyoingia rangi, akisema kitu hicho ni sumu, hakichezewi. Siku hiyo Idarusi alimtania Miraji ofisini mpaka jioni. Kiganja tu! Yeye sasa alikuwa ameimimina tumboni sahani nzima.

"Shangazi, nakufa."

"Bado. Fungua mdomo."

Akamnywesha maziwa, akamnywesha tena, mpaka yakarudi, na yaliporudi yalikuwa ya zambarau. Wote wawili waliyatazama pale uani. Bi Mwatumu akalifuata buibui lake.

"Twende hospitali."

"Nikienda hospitali mtihani umenipita."

"Na ukifa?"

"Nikifa nimekufa mtahiniwa."

"Basi nenda. Lakini tumbo likianza kukata, waache hao wafalme, ukimbie kwa daktari. Wao wamekwisha kufa, hawana haraka."

Alipanda baiskeli. Njia nzima alilisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza nyayo za mwizi juu ya dari. Likinguruma, anaona kaburi. Likinyamaza, anaona limekwisha kufa limetangulia. Alifika ukumbini shati limemganda mgongoni.

Watahiniwa wa nje walikalishwa chumba kimoja, kila mtu na somo lake. Bibiana alikuwa dawati la pili, na karatasi yake ya hesabu. Alipomwona mtani wake amebana midomo kama mwenye jino bovu, alikunja uso kuuliza, Idarusi akageuka pembeni. Mbele alisimama msimamizi, Bwana Laurenti, mtu mrefu mwenye viatu visivyolia. Habari zake zilijulikana: aliyekamatwa naye hatolewi chumbani tu, hufutwa jina lake asifanye mtihani tena daima.

Idarusi aliifunua karatasi. Eleza kwa nini. Eleza kwa nini. Jadili sababu za. Akaisoma mpaka chini, akaigeuza nyuma. Hapakuwa na swali hata moja la mwaka. Nguo tupu, misumari hakuna. Alitamani kulia na kucheka, lakini aliogopa kufungua mdomo, basi akainama akaandika, na sababu zikaja zenyewe, moja imeshika mkono wa nyingine, kama alivyozitoa barazani Pongwe.

Jasho ndilo lililomponza. Alijipangusa mdomo kwa mkono, kisha akauweka mkono juu ya karatasi. Doa la zambarau likatanda. Viatu visivyolia vikasimama ubavuni pake.

"Simama," alisema Bwana Laurenti. "Fungua mdomo."

Idarusi akafungua. Ulimi ulikuwa zambarau, meno zambarau, hata ufizi.

"Nini hiki?"

"Kopi, bwana."

Alikusudia kalamu. Lakini katika chumba cha mtihani neno hilo lina maana moja tu, na vichwa vyote viliinuka pamoja.

"Amekopi," alisema Bwana Laurenti taratibu, "na amekiri."

"Sikukopi, bwana! Nimekunywa kopi. Yaani kalamu. Yaani tarehe, bwana, niliziandika sahanini, nikaziosha—"

"Uliandika majibu?"

"Tarehe tu."

"Ukayafanya nini?"

"Nikayanywa."

"Kwa hiyo umeingia nayo humu ndani."

Ukilipima neno kwa neno, lilikuwa kweli. Idarusi alimwona Bwana Laurenti akiiokota karatasi yake mezani, akaona chuo kinakwenda nayo, akayaona magunia ya forodhani yamepangwa mbele yake mpaka kaburini.

"Sheria," alisema Bwana Laurenti, "inakataza mtu kuingia na majibu popote pale mwilini mwake. Toka nje."

Kiti kikaburuzwa. Bibiana alikuwa amesimama.

"Keti wewe, ama nitakutoa naye!"

Hakuketi. Alikuwa amelishika dawati kwa mikono miwili. Hesabu yake ilikuwa nusu, na kila mtu mle ndani alijua analoliweka rehani.

"Samahani, bwana mwalimu. Huyu ni mtani wangu, na mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ahaa! Kumbe mko wawili."

Alilolisema Bibiana baada ya hapo ndilo lililomfanya Bwana Laurenti airudishe ile karatasi mezani, polepole, chumba kizima kikijing'ata midomo.

"Tuko ukumbi mzima, bwana. Kila aliyekaa humu ameingia na majibu mwilini, na ndivyo tulivyoambiwa tuje. Lakini kama ya kichwani ni halali na ya tumboni ni haramu, basi kaa naye huyo mpaka yatoke, uyasahihishe."